Kutoka Ngarenanyuki Hadi Kura Tatu

   Sogezeni redio karibu, tuzungumze.

Tunaelekea tarehe 9 Desemba, siku ambayo Tanganyika ilipata uhuru wake mwaka 1961. Mwulize mtoto yeyote wa shule ya msingi nani alileta uhuru huo, atakujibu bila kusita: Mwalimu Nyerere na TANU. Amejibu vizuri, apewe alama zake. Mimi leo nina swali linalofuata hapo. Hao TANU walishinda wakiwa na nani?

Nauliza kwa sababu hesabu yenyewe inashangaza. TANU ilizaliwa Julai 1954. Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ikashushwa. Hiyo ni miaka saba na miezi michache tu. Chama cha walimu, makarani, wafanyabiashara wadogo na wakulima, kisicho na akiba ya kutosha benki, kilikwendaje kasi namna hiyo?

Kilikwenda kasi kwa sababu hakikwenda peke yake. Kulikuwa na vyama vya makabila. Kulikuwa na vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa na pamba. Kulikuwa na vyama vya wafanyakazi. Kulikuwa na chama cha Waasia, na walikuwapo Wazungu wachache ambao wenzao waliwaona wasaliti. Na kipande kikubwa cha habari hiyo kilitokea hapa hapa kwetu, chini ya Mlima Meru, katika lile Jimbo la Kaskazini la wakati ule ambalo makao yake makuu yalikuwa Arusha.

Kwa hiyo shikeni jambo moja, nami nitalirudia njiani: muungano wa kudai uhuru ulisimama kwa sababu kila aliyeingia ndani yake alikubali kuacha kitu. Kila mmoja aliacha kitu. Sasa tuone ni nani, na aliacha nini.

Tuanzie Ngarenanyuki.

Leo ukisema Ngarenanyuki, watu wanafikiria nyanya. Malori yanapanda yakiwa matupu na kushuka yamejaa matenga. Lakini mwaka 1952 jina hilo lilitajwa New York. Ilikuwaje?

Wajerumani walipoitawala nchi hii waligawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, mashamba yakajipanga yakauzunguka Meru. Wameru na Waarusha wakabanwa: juu yao msitu wa serikali, chini yao mashamba ya masetla. Waingereza walipoingia baada ya Vita vya Kwanza, mkanda ule haukukatwa. Watu wakaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, ardhi ikabaki ile ile. Baada ya Vita vya Pili serikali ikaunda tume ya Jaji Mark Wilson, nayo ikatoa ripoti mwaka 1947. Ndani ya mapendekezo yake kulikuwa na mpango wa kupanga upya ardhi ili Wazungu wawe na eneo lao moja lililoungana upande wa kaskazini mashariki mwa mlima. Ili eneo hilo lipatikane, Wameru waliokuwa katika shamba namba 31 na shamba namba 328, huko Ngarenanyuki, walitakiwa wahame. Wapelekwe King'ori.

Wameru wakakataa. Walisema King'ori ni joto, kuna magonjwa ya watu na ya mifugo, na zaidi ya hayo, Ngarenanyuki ni kwao. Wakaandika barua, wakatuma wajumbe, wakasubiri. Novemba 1951 serikali ikapeleka askari. Nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakajikuta hawana pa kulala.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana kuna jambo ambalo mimi huliona kubwa kuliko hata safari ya New York. Serikali iliweka fidia. Pesa zilikuwepo, za mtu kwenda bomani kuzichukua. Wameru hawakuzichukua. Hebu fikiri, msikilizaji: nyumba yako imekuwa majivu, watoto wako wamelala kwa shemeji yako wakibanana na watoto wake, na unaambiwa njoo uchukue pesa zako. Wewe unasema, hapana. Kwa nini? Kwa sababu walijua kwamba ukishapokea fidia umeshauza, na ukishauza huna kesi. Na King'ori walikopangiwa wengi hawakwenda kukaa. Walijibanza kwa ndugu zao. Hayo hayakuwa maamuzi ya mtu mmoja shujaa. Ni kila nyumba, baba na mama, kukataa pesa ambazo wangeweza kuzila.

Sasa waende wapi? Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, au UNO kama wazee wetu walivyoiita, na Uingereza ilikuwa msimamizi tu, mwenye wajibu wa kutoa maelezo. Na watu wa nchi ya udhamini walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini. Haki hiyo ilikuwa kwenye karatasi. Wameru wakaamua kuitumia.

Walikuwa na chama chao, Meru Citizens Union, yaani chama cha raia wa Meru. Jirani zao Wachagga nao walikuwa na chama cha namna hiyo tangu 1949. Wameru wakamtafuta wakili, wakampata Moshi: Earle Seaton, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Bermuda, aliyekuja kufanya kazi ya uwakili chini ya Kilimanjaro. Wakachanga pesa za safari. Na mwaka 1952 Mzee Kirilo Japhet, Mmeru, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, Seaton akiwa pamoja naye, akaeleza jinsi watu wake walivyotolewa Ngarenanyuki.

Je, walishinda? Hapana. Baraza la Udhamini lilisikitika likaishia hapo. Suala likapelekwa kwenye Baraza Kuu. Kamati yake ikawaunga mkono Wameru, lakini mwishoni mwa mwaka huo azimio lilipofika mbele ya mataifa yote halikupata theluthi mbili za kura. Kirilo akarudi nyumbani bila ardhi.

Akarudi bila ardhi, lakini akarudi na habari. Watu wa nchi nzima wakasikia kwamba Mwafrika wa Tanganyika amesimama New York akamshtaki Mwingereza, na hakufungwa. Na hapo ndipo tunapofika kwenye lile jambo langu.

Kirilo na wenzake wangeweza kusema: hii ni kesi ya Wameru, imeanza na Wameru na itaisha na Wameru. Wangekuwa na haki, kwa kuwa wao ndio waliochomewa nyumba, wao ndio waliochanga. Lakini Julai 1954, TANU ilipoundwa Dar es Salaam, miongoni mwa wale waasisi 17 alikuwemo Japhet Kirilo, huyo huyo wa Meru, pamoja na Joseph Kimalando wa Moshi, wote wawili wakitoka Jimbo la Kaskazini. Wameru wakaacha umiliki wa kilio chao. Wakaruhusu shamba namba 31 liwe mfano wa kila mtu.

Na ulikuwa mfano uliosikika kwa sababu kila mahali kulikuwa na shamba namba 31 la kwao. Waluguru walikuwa wanalazimishwa kulima matuta milimani, hadi mwaka 1955 wakachachamaa. Usukuma watu walikuwa wanaamriwa kupunguza mifugo. Mtu wa Mwanza hakuijua Ngarenanyuki, lakini alijua maana ya bwana shauri kuja na amri ambayo hukuulizwa. Machi 1955 Mwalimu Nyerere mwenyewe alipokwenda UNO kuzungumza kwa niaba ya TANU, alipita mlango ambao Mmeru alikuwa ameshaugonga miaka mitatu kabla.

Kwa hiyo wa kwanza kuacha kitu walikuwa watu wa mlima huu. Tuliweke hilo akilini, twende mbele.

Msikilizaji, umewahi kusikia habari ya kura tatu? Wazee wanaikumbuka. Vijana wengi ninaokutana nao hawaijui, na ni habari tamu.

Waingereza waliona uhuru unakuja, wakataka uje pole pole na kwa mpango wao. Wakaweka siasa ya mseto. Katika mseto, Waafrika, Waasia na Wazungu wangekuwa na viti sawa katika Baraza la Kutunga Sheria. Sawa kabisa: huyu kumi, huyu kumi, na huyu kumi. Hapo nchi nzima, kati ya kila watu 100, zaidi ya 95 ni Waafrika. Mwaka 1956 kikaundwa chama cha kutetea mpango huo, United Tanganyika Party, UTP, na gavana Twining akakipenda waziwazi.

Uchaguzi ukapangwa. Kupiga kura kulikuwa na masharti: uwe na miaka 21, na uwe na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo fulani kinachotambuliwa. Watu wengi sana wakaachwa nje. Hapa kwetu kahawa ilisaidia, maana mkulima wa Machame au wa Akheri aliyeuza vizuri aliweza kufika kwenye hicho kiwango.

Na sasa sharti lenyewe. Mpiga kura anaingia ndani, anapewa karatasi. Lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kura tatu. Akimchagua Mwafrika tu, akakunja karatasi yake na kuitumbukiza kwenye sanduku, kura yake imeharibika. Haihesabiwi. Mzee wa Poli aliyeona masetla wakichukua malisho yake, anasimama pale na kalamu mkononi, na ili kura yake kwa mtoto wake wa TANU ihesabiwe, ni lazima pia aweke alama mbele ya jina la Mzungu.

Ungefanyaje wewe?

TANU ilikutana Tabora Januari 1958 kuamua. Mkutano ulikuwa mkali. Wengi walitaka kususia: tukishiriki tumekubali mseto. Wengine wakasema tukisusia, UTP itachukua viti vyote, na Mwingereza ataiambia dunia kwamba hao ndio wawakilishi wa watu. Mwalimu akasimama upande wa kushiriki, akawabembeleza wajumbe hadi wakakubali. Uamuzi ule ndio unaoitwa Uamuzi wa Busara. Palikuwa na asiyekubali: Zuberi Mtemvu alitoka akaunda chama chake, African National Congress, akisema hii ni nchi ya Waafrika na haina haja ya kura tatu.

Mimi simbezi Mzee Mtemvu. Alichokisema mamilioni walikihisi moyoni. Lakini angalia alichokifanya yule aliyebaki. TANU wakati huo ilikuwa inapokea Waafrika tu. Milango haikufunguliwa kwa watu wa rangi zote hadi mwaka 1963. Maana yake ni kwamba mwaka 1958 TANU haikuwa na Mwasia hata mmoja mwenye kadi, wala Mzungu. Ikabidi itafute watu wa nje ya chama, iwaunge mkono, na iwaambie wanachama wake: huyu si mwenzetu kwa kadi, lakini mpeni kura.

Na hapa Jimbo la Kaskazini, nani alipatikana? Kwa kiti cha Mwafrika, Solomon Eliufoo, mwalimu kutoka Uchagga. Kwa kiti cha Mzungu, Derek Bryceson, mkulima wa upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ndiyo, setla. Na kwa kiti cha Mwasia, mama mmoja wa hapa hapa Arusha mjini, Mama Sophia Mustafa.

Nataka nikae kidogo kwa Mama Sophia, kwa sababu mji huu haumtaji inavyostahili. Alizaliwa India, akakulia Nairobi, akaja kuishi Arusha na mumewe. Mwanamke, Mwislamu, mwenye asili ya Asia, mwaka 1958, anazunguka jimbo lililoanzia Kilimanjaro, likapita Umasaini hadi Mbulu, akiomba kura za wakulima na wafugaji Waafrika. Wenye asili ya Asia walikuwa na viti kumi vilivyotengwa kwa ajili yao. Angeweza kusimama upande wa mseto na kuvilinda. Akasimama na watu waliotaka viti hivyo vya rangi viondolewe kabisa. Alipopiga kampeni alikuwa anapiga kampeni dhidi ya ulinzi wa jamii yake mwenyewe. Baadaye aliandika kitabu kuhusu miaka ile, The Tanganyika Way, kilichotoka mwaka 1961. Ukikipata, kisome.

Bryceson vivyo hivyo. Masetla wenzake walikuwa na UTP, walikuwa na gavana. Yeye akachagua upande ambao, wakati ule, haukuwa na uhakika wa kumlinda.

Kwa hiyo tazama. TANU iliacha msimamo wake wa kususia, ikaacha na viti viwili kati ya kila vitatu. Mama Sophia na Bryceson waliacha upendeleo waliotengewa. Yule mzee wa Poli aliacha hasira yake nje ya mlango wa kituo cha kura, akaweka alama tatu. Kila mmoja aliacha kitu.

Septemba 1958 jimbo letu likapiga kura. Wote watatu wakapita. Uchaguzi ulipokamilika Februari 1959 katika majimbo yaliyobaki, UTP ilikuwa imezama. Ule mtego wa kura tatu ukawa umemnasa aliyeutega, maana Mzungu na Mwasia hawakuweza kupita bila kura za Waafrika, na Waafrika walikuwa na TANU.

Ndani ya Baraza wale wajumbe waliochaguliwa, wa rangi zote tatu, wakaunda umoja wao chini ya Mwalimu. Serikali ikawa inatazamana na kundi moja badala ya matatu. Gavana mpya, Richard Turnbull, hakuwa na mtu wa kumgawa. Julai 1959 wakaingia mawaziri watano kutoka kwa waliochaguliwa: Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson. Wawili kati ya hao watano, Eliufoo na Bryceson, walikuwa wa jimbo letu.

Sasa, msikilizaji, usije ukadhani watu hawa walipendana. Hili ni muhimu. Eliufoo kule Uchagga alikuwa kwenye ugomvi mkubwa wa kutaka kumwondoa Mangi Mkuu Thomas Marealle, na mwaka 1960 Marealle aliondolewa kwa kura za watu. Vyama vya wafanyakazi vilitaka mishahara, wafanyabiashara wenye kuajiri hawakutaka kusikia. Mmeru hakusahau moshi wa Ngarenanyuki kwa sababu tu setla mmoja amesimama na TANU. Nyinyi mnaijua kamati ya harusi: mjomba na baba mdogo hawasemezani tangu ugomvi wa shamba la marehemu babu, lakini michango wanatoa wote, na siku yenyewe wote wamo kwenye kubeba viti. Ndivyo walivyokuwa. Walikubaliana jambo moja, tarehe ya Mwingereza kuondoka, na mengine wakayaahirisha.

Na watu wa kawaida hawakugeuka kondoo. Agosti 1960 ulipofanyika uchaguzi mwingine, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, 58 kati yake bila kupingwa. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa wapi? Mbulu, humu humu Jimbo la Kaskazini. Chama kiliwaletea watu mgombea wao wasiyemtaka, wakamchagua Herman Sarwatt aliyesimama peke yake, ingawa naye alikuwa mwana-TANU. Watu wa Mbulu walitaka uhuru kama wengine wote, na walitaka pia kuchagua mbunge wao wenyewe. Mimi nawapa heshima yao.

Je, wengine hawakujaribu kuungana namna hii? Walijaribu. Septemba 1958, mwezi ule ule ambao sisi tulikuwa tunapiga kura tatu, Mwanza ilipokea vyama vya kudai uhuru vya Afrika Mashariki na Kati. Wakaunda umoja wao, PAFMECA. Kutoka Zanzibar walikuja Afro-Shirazi wa Sheikh Abeid Karume na Hizbu ya Sheikh Ali Muhsin, vyama vilivyokuwa vinagombana hadi kususiana madukani na misibani. Wakakalishwa chini, wakakubali kushirikiana, wakaunda kamati ya pamoja ya kudai uhuru. Haikudumu. Afro-Shirazi ikapasuka yenyewe, Mzee Mohamed Shamte akatoka na chama chake cha ZPPP, ugomvi ukarudi mahali pake. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi.

Kwa nini Mwanza iliwapatanisha na bado haikushika? Nijibu kwa maoni yangu: kila upande ulikuwa unajua kwamba atakayekuwa na serikali siku ya uhuru ndiye atakayemmiliki mwenzake, na hakuna aliyekuwa tayari kuacha hilo. Walikubali kukaa meza moja. Hakuna aliyeacha kitu mlangoni. Huku bara nasi tulikuwa na bahati ambayo tusiifiche: chama kimoja kilikuwa kimeshaota mizizi kila mahali, wapinzani wake walikuwa wachache, na lugha tulikuwa nayo moja.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo si rahisi kuisema wiki ya sherehe, lakini ni lazima isemwe.

Wale waliounda muungano ule na vyama vyao, baada ya uhuru walibaki na nini? Mwaka 1963 utawala wa machifu ukaondolewa. Mwaka 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi likavunjwa, kikawekwa chama kimoja chini ya mkono wa serikali. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa katiba. Vyama vya raia vya makabila vilikuwa vimeshazimika. Na mwaka 1976 hata vyama vikuu vya ushirika, vikiwamo vya wakulima wa kahawa vilivyokuwa nguzo ya siasa za kaskazini, vikafutwa. Aliyeingia kwenye muungano akiwa na chama chake, alitoka akiwa na kadi ya chama cha mwingine.

Mwalimu alikuwa na sababu zake. Aliogopa ukabila na udini, na akitazama nchi jirani aliona kwamba hofu yake si ya bure. Tumeishi kwa amani ambayo wengi wameikosa, na mimi ni mmoja wa waliolelewa na amani hiyo. Lakini bado nasema tulipoteza kitu. Meru Citizens Union ilikuwa ni watu wa kawaida waliojua kuitisha mkutano, kuchanga, kuweka hesabu, kumtafuta wakili na kumtuma mjumbe mpaka upande wa pili wa dunia. Ujuzi ule haukufundishwa na serikali, na serikali iliyokuja haikuona haja yake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na hata mwaka 2014 vyama vinne vya upinzani vilipoungana kuunda UKAWA, tulizungumza kama watu wanaojaribu jambo hili kwa mara ya kwanza. Wakati babu zetu walilifanya, na wakalifanya wakiwa chini ya gavana mwenye askari.

Na watu wenyewe? Bryceson alikuwa waziri kwa miaka mingi, na mwaka 1965 wapiga kura wa Dar es Salaam, karibu wote Waafrika, walimchagua awe mbunge wao, bila kiti chochote kilichotengwa kwa rangi yake. Mama Sophia Mustafa alikaa bungeni hadi mwaka huo huo wa 1965. Na kumbukumbu mjini kwetu? Jengo la Makumbusho ya Azimio la Arusha liko Kaloleni, Mnara wa Azimio uko pale kwenye mzunguko, na ni vizuri viko. Kirilo Japhet na Sophia Mustafa nao wanastahili mahali ambapo mwanafunzi wa Arusha anaweza kwenda na kusimuliwa habari zao.

Na kuna jambo la haraka zaidi kuliko majengo. Aliyekuwa na miaka kumi Novemba 1951, aliyeiona nyumba ya baba yake ikiungua Ngarenanyuki, leo ana zaidi ya miaka themanini. Bado wapo wachache, huko King'ori, Leguruki, Poli, Nkoaranga. Msikilizaji, kama bibi yako au babu yako ni mmoja wao, simu yako inarekodi sauti. Keti naye jioni, mwache aongee kwa Kimeru chake akitaka. Mwulize walilala wapi usiku ule. Mwulize nani alipita kukusanya michango, na nyumbani kwao walitoa nini. Mwulize kama wazazi wake walipiga kura tatu, na yule Mzungu walimwekea alama wakiwa wanafikiri nini. Kisha mtuletee hapa studio, tutawasikilizisha wengine.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakaa na ule mkutano wa Mwanza wa 1958 kwa kirefu, tuone Wakenya na Waganda walikwenda na ajenda gani.